Mtungi wa Gesi Ukae Wapi?

Watu wanaokuja karakanani kwangu hapa Katoro, Geita, huniuliza mtungi gani wa gesi ni mzuri. Mimi huwauliza la kwangu kwanza: utauweka wapi? Mtungi wenyewe, ukiununua kwa wakala mwenye leseni, kwa kawaida hauna neno. Ni chuma kilichopimwa kwa presha kubwa kuliko ile utakayoikuta jikoni. Kinachovuja ni vitu vidogo vinavyouzunguka: mpira uliopasuka kwa joto, klipu iliyolegea, raba ya kwenye vali iliyokauka, regulata iliyofungwa kwa haraka ikakaa upande. Vitu hivi vina siku yake ya kuvuja, hata kwa mtu mwangalifu. Kwa hiyo mimi kazi yangu naianzia kwenye siku hiyo. Gesi ikishatoka, itaelekea wapi? Na nani ataufikia mtungi ili aufunge?

Nilianza maisha ya ufundi kwa kuchomelea makarasha kule Nyarugusu, yale mapipa ya chuma yanayosaga mawe ya dhahabu. Kazi ya gesi imenijia baadaye, na imekuja kwa kasi. Serikali ilipiga marufuku kuni na mkaa katika taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku. Kisha tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo ifikapo 2034. Mimi nauunga mkono kwa moyo wote. Wazee wa Shinyanga wanakumbuka ardhi yao ilivyokuwa imebaki uwanda mtupu, hadi mradi wa kuhifadhi ardhi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986 na watu wakarudia kutunza ngitili zao, yaani maeneo ya malisho na miti yanayohifadhiwa. Miti ile ikirudi kuwa mkaa wa kuchemshia maharage ya wachimbaji, tutakuwa tumewaibia wajukuu zetu. Lakini mitungi imeingia majikoni kabla ya majiko hayo kuandaliwa kuipokea, na hapo ndipo pananikosesha usingizi.

Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, na butani kwa karibu mara mbili. Ikitoka haipandi juu kama moshi. Inashuka, inalala sakafuni, inafuata mwinamo, inapita chini ya mlango, inajaza kila pahali palipo chini kuliko pale ilipotokea. Ndani ya mtungi imeshindiliwa ikawa kimiminika: lita moja ya propani ikiachiwa huwa karibu lita 270 za gesi. Kwa hesabu ya fundi, kilo moja hutoa kama nusu mita ya ujazo. Na ili hewa ya chumba iweze kulipuka, inatosha gesi kufika asilimia mbili tu.

Chukua jiko la mama lishe lenye upana wa mita tatu kwa tatu na kimo cha mita mbili na nusu. Gesi isiyofika kilo moja inatosha kulifanya jiko zima liwe la kulipuka, na mtungi mdogo unaotumika sana hapa una kilo sita. Tena usingoje kilo moja. Robo kilo ikitulia sakafuni inaweza kufanya tabaka la hatari linalopita magoti. Sasa tazama majiko yetu yalivyo. Chai na mayai vinapikwa kwa gesi juu ya meza, maharage yako kwenye jiko la mkaa, na jiko la mkaa liko sakafuni. Moto upo tayari, umewekwa palepale gesi inapokwenda kulala.

Kuna wanaonionyesha dirisha kubwa. Dirisha ni jema kwa moshi na kwa joto, ila liko usawa wa kifua, na gesi hii haina habari na kifua. Wengine wanategemea pua. Kwa asili gesi haina harufu ya kumshtua mtu. Ile harufu ya kitu kilichooza huongezwa kwa makusudi. Somo hilo dunia ililipata kwa machungu tarehe 18 Machi 1937, huko New London, Texas, ambako shule ililipuliwa na gesi asilia isiyo na harufu na karibu watu 300 wakafa, wengi wao watoto. Baada ya hapo sheria za kuitia gesi harufu zikaenea. Hata hivyo pua ya mtu aliyesimama iko juu, na anapoinusa vizuri huenda miguu yake imekuwa ndani ya gesi kwa muda. Embakasi, Nairobi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ilitoka kwenye lori katika kituo kisicho na kibali, ikasambaa mtaani kwanza, ndipo ikakutana na moto. Walioumia walikuwa mamia.

Jinsi ya kuipa gesi njia sikufundishwa na mtu wa jikoni. Niliijua kwenye mashua.

Rafiki yangu anayetengeneza vyombo vya ziwani aliniita Mwanza, wakati ule Busisi bado tunavuka kwa kivuko, kabla ya Daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025. Kulikuwa na mashua ya matanga imefungwa upande wa Capri Point, na mwenyewe alipikia humohumo kwa gesi. Mitungi yake miwili ilikaa ndani ya kasha lililojengwa chini ya benchi la nyuma, karibu na usukani. Tatizo lake lilikuwa la aina mbili: kasha halikumwaga, na halikufikika.

Ni lazima mtu aelewe mashua ilivyo ndipo aone uzito wa jambo hili. Nyumba ina mlango unaofika sakafuni, mashua haina. Mashua ni bakuli. Gesi ikivuja ndani yake inashuka hadi kwenye ngama, sehemu ya chini kabisa ya chombo, na haitoki tena yenyewe. Itakaa hapo ikingoja mtu awashe injini au pampu ya maji. Ndiyo maana ABYC, baraza la Marekani linaloandika viwango vya mashua, linataka kasha la gesi litengwe kabisa na ndani ya chombo, lifunguke kwa juu tu, kuelekea nje, na sakafuni mwake liwe na bomba la kutolea lenye upenyo wa ndani usiopungua nusu inchi. Bomba hilo limwage nje ya chombo, na mdomo wake ukae angalau inchi 20 kutoka kwenye tundu lolote linaloingia ndani. Hiyo ni kama nusu mita.

Kasha tulilolikuta lilikuwa na bomba, na mtu asiyefuatilia angesema limekamilika. Lakini tundu lilitobolewa ubavuni, juu kidogo ya sakafu ya kasha, kwa hiyo chini yake kulibaki kidimbwi cha maji ya mvua na kutu. Mpira wa kutolea ulining'inia ukafanya tumbo katikati, na tumbo lile lilijaa maji. Hapa wengi hupitwa. Maji yaliyokaa kwenye mkunjo wa bomba ni kizibo kamili, kwa sababu gesi inayoshuka kwa uzito wake tu haina nguvu ya kuyasukuma. Na mdomo wa nje ulikuwa ubavuni mwa mashua, mahali panapozama chombo kikilalia upepo. Yaani mashua ikisafiri, kasha limezibwa na ziwa lenyewe.

Upande wa kufikika haukuwa na afadhali. Mfuniko ulikuwa mwembamba. Ili kuifikia vali ya mtungi wa pili, ilikubidi utoe kwanza wa kwanza, na ili utoe wa kwanza ulale kifudifudi na kuingiza mkono mmoja. Mtu anayenusa gesi usiku, chombo kinayumba, atafanyaje hayo?

Tuliitengeneza sakafu ya kasha upya kwa fiba ili iwe na mwinamo, tukatoboa tundu pale palipo chini kuliko pote. Bomba jipya lilishuka moja kwa moja bila tumbo hadi nyuma ya mashua, juu ya usawa wa maji, mbali na madirisha. Mitungi ikawekwa juu ya kichaga cha mbao ili kitako kisizibe tundu wala kisikae kwenye unyevu. Mahali mpira wa gesi unapopenya ukuta wa kasha pakazibwa barabara. Mfuniko ukapanuliwa hadi vali zote mbili zikashikika kwa mtu aliyesimama. Mwisho tukamwaga ndoo ya maji ndani ya kasha na kungoja, maana maji yakituama humo, gesi nayo itatuama. Yalitoka yote.

Kuna jambo jingine nililolichukua pale, la geji. Ukiwa na geji ya presha karibu na vali, unafungua mtungi, unaufunga tena ukiwa umezima majiko yote, kisha unautazama mshale kwa dakika tatu. Ukishuka, kuna mahali panavuja, hata kama hujanusa kitu. Ni kifaa kidogo, na kila hoteli yenye mitungi mikubwa ya kilo 38 ingepaswa kuwa nacho. Nyumbani povu la sabuni ya kuoshea vyombo linatosha: paka kwenye maungio, angalia mapovu. Kiberiti kisiguswe kabisa.

Sasa njoo Katoro, Masumbwe, Kakola au Kahama mjini, uingie kwenye migahawa na nyumba za wageni zilizojengwa miaka hii. Utakuta kaunta nzuri ya matofali, juu marumaru, chini vijumba vyenye milango ya mbao, na ndani ya kijumba kimoja mtungi wa kilo 15. Mlango unafungwa ili kusionekane vibaya. Mbele pamewekwa kizingiti ili maji ya kudekia yasiingie. Hilo ni kasha la mashua lisilo na tundu. Kizingiti kinachozuia maji kuingia ndicho kinachoizuia gesi kutoka, hadi kijumba kijae na kumwagikia jikoni.

Mama mmoja wa mgahawa, mtu ninayemheshimu sana, alinibishia vizuri.

“Fundi, marumaru hii nimeweka juzi, leo unataka kunitobolea ukuta?”

“Mayu, marumaru siigusi. Natoboa ukuta wa nje, chini kabisa, usawa wa sakafu ya kijumba. Bomba la inchi mbili, limelalia nje.”

“Na panya?”

“Nitaweka wavu wa chuma.”

“Na maji ya mvua?”

Maswali yote yalikuwa ya haki. Wavu usiwe ule wa mbu, kwa sababu vumbi na mafuta ya chapati vitauziba ndani ya wiki chache; uwe wa matundu yanayomzuia panya na kuiachia hewa. Bomba likilalia nje, maji hayapandi. Na mdomo wake wa nje uinuliwe kidogo kutoka ardhini, hasa upande wa Shinyanga. Huku Geita kwenye changarawe nyekundu maji yananyonywa upesi. Lakini kule Kishapu na pembezoni mwa Kahama kwenye udongo mweusi wa mbuga, masika ardhi inavimba na kuganda kwa tope, na tundu lililotobolewa kiangazi linaweza kufukiwa lote. Kwa wateja wa huko najenga kwanza jukwaa la zege, kizimba cha mtungi kinakaa juu yake.

Maana ukiniuliza kwa dhati, kijumba cha ndani chenye tundu ni nusu ya dawa. Dawa kamili ni kuutoa mtungi nje: kizimba cha nondo na shiti, ukutani upande wa kivuli, paa dogo la kuzuia jua, chini wazi, mtungi umesimama wima na kufungwa mnyororo. Wima ni lazima. Ukilazwa, kinachoingia kwenye mpira ni kimiminika, na moto wa jiko utaruka hadi usoni. Ukiwa nje, gesi inayovuja inachukuliwa na upepo, na upepo wa nchi hii si haba.

Lakini utoe mdomo wa gesi mbali na nini? Mashuani ni madirisha. Kwetu ni mlango, dirisha lililo chini, chemba ya maji machafu, karo, mtaro uliofunikwa. Nimekuta bomba la kutolea gesi limeelekezwa kwenye chemba kwa sababu bomba la maji lilipita hapo na fundi aliona ni rahisi. Gesi ikiingia chemba inasafiri chini ya nyumba na kuibukia chooni. Na katika miji yetu ya dhahabu kuna la ziada: maduara, yaani mashimo ya wachimbaji. Zipo nyumba zenye duara la zamani nyuma ya uwanja, limefunikwa mbao na mabati, limesahaulika. Hakuna shimo la kuipokea gesi nzito kuliko hilo. Wachimbaji wanaijua hewa mbaya. Hakuna mwenye akili anayeteremka duara lililokaa bila kulipulizia hewa kwanza, na wanajua moshi wa pampu ukibaki ndani ya shimo unavyoua watu kimyakimya. Nikiwaambia kwamba gesi ya jikoni ina tabia ya kutafuta shimo, wananielewa kabla sijamaliza. Ninapowapa shida ni ninaposema jikoni kwao kuna shimo la namna hiyo na lina milango ya mbao.

Bado kuna habari ya kufikika, na hapa adui ni mwizi. Mtungi uliojaa ni pesa, na mahali penye wageni wanaokuja na kuondoka kila rashi mpya ya dhahabu inapotangazwa, mtungi ulioachwa nje hauoni asubuhi. Kwa hiyo wenye nyumba za wageni wananiagiza kizimba cha shiti nzito, komeo mbili, kufuli mbili, ufunguo mfukoni mwa bosi. Bosi analala kwake. Gesi ikivuja saa nane usiku, mlinzi anainusa, anaisikia ikifoka, naye amesimama mbele ya sanduku la chuma asiloweza kulifungua. Mlinzi huyo ana haki ya kupewa njia.

Tumeshindana sana na wateja juu ya hili, na sura niliyoishia nayo ni hii. Mlango wa kizimba unabaki na kufuli. Mbele yake, usawa wa vali, naacha dirisha la nondo lenye nafasi ya kama sentimita 15: mkono unaingia, unazungusha vali, lakini mtungi haupiti. Kwa mitungi mikubwa naongeza koki ya kuzungusha robo tu kwenye bomba linalotoka kizimbani, nje, na kuipaka rangi nyekundu. Mwizi anaweza kuja kuifunga hiyo koki, sawa; chai itachelewa. Afadhali hivyo.

Kila mfanyakazi aishike vali au koki hiyo kwa mkono wake mwenyewe siku ya kwanza ya kazi, mpishi, mhudumu na mlinzi. Kuelekezwa kwa mdomo hakutoshi, kwa sababu usiku mkono hutafuta pale ulipowahi kwenda. Ikinukia: taa isiwashwe wala isizimwe, simu isitumike ndani, vali ifungwe, milango yote iachwe wazi, jiko la mkaa lisiguswe wala lisimwagiwe maji, watu watoke, kisha wakiwa mbali wapige 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Gharama yake ni nondo chache, shiti, kipande cha bomba na kutwa moja ya fundi. Kinachokuwa ghali ni kubomoa baada ya marumaru kushikamana. Ndiyo sababu siku hizi naenda kwa wachora ramani na mafundi waashi kabla ya msingi kuchimbwa. Ramani za nyumba zinazojengwa Kahama na Geita zinaonyesha swichi, bomba, choo, hata mahali pa televisheni, lakini mtungi wa gesi hauna mahali. Naomba halmashauri zinapopitisha ramani ya mgahawa, bweni au nyumba ya wageni ziulize mtungi umechorwa wapi. Kwa waashi natoa vipimo hivi: ukuta wa nje, upande usio na mlango wala chemba, jukwaa la zege lenye mwinamo wa kwenda nje, nafasi ya mita moja kwa sentimita 60 kwa mitungi miwili ya kilo 15, ule unaotumika na wa akiba, na bomba moja la kupitishia mpira, lililozibwa pande zote mbili, juu ya usawa wa vali. Mengine nitachomelea.